Kidonge Kisichosikika Mwilini
Mhadhara kwa wauguzi wa Kasenga, Haut-Katanga



Mwaka 1956 jarida la kitabibu la East African Medical Journal lilichapisha habari ya mgonjwa mmoja Mwafrika. Mmoja tu. Mishipa inayoulisha moyo wake ilikuwa imeziba. Hugh Trowell, aliyeiandika habari hiyo pamoja na mwenzake, alikuwa ametibu watu Kenya na Uganda tangu 1929, na baada ya miaka yote hiyo mgonjwa huyo bado alionekana ajabu ya kutangaziwa madaktari wengine. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones wakatoa hesabu zao za Kampala: Waafrika waliowapima walikuwa na kolesteroli ya chini, na ugonjwa huo wa moyo ulikuwa haba sana kwao, Waasia wa mji uleule walikuwa na kolesteroli ya juu, na moyo ulikuwa unawaua.

Hapo ndipo ilipopata nguvu imani tuliyo nayo hadi leo, kwamba kolesteroli ni ugonjwa wa Wazungu, wa Wahindi, na wa matajiri wenye vitambi. Wakati ule imani hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Leo inaua watu. Mwaka 2018 watafiti wa Nigeria na Ghana, wakiongozwa na Mayowa Owolabi wa Ibadan, walitoa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 2,000 wa kiharusi, kila mmoja akilinganishwa na mtu wa umri na jinsia yake ambaye hakupata kiharusi. Sababu ya kwanza ilikuwa shinikizo la damu, jambo ambalo kazi yenu imekwisha kuwafundisha. Ya pili ilikuwa mafuta katika damu. Kwa hiyo muuguzi akimpokea papa wa miaka 58 aliyetoka hospitali kuu baada ya kiharusi, mkono umelegea na mdomo umepinda, kisha akaendelea kumpa dawa ya shinikizo peke yake mwezi hadi mwezi, kazi imefika katikati.

Leo nazungumzia nusu iliyobaki. Nitazitaja dawa za kushusha kolesteroli ziitwazo statini, lakini zaidi nitazungumza juu ya maneno ya muuguzi anapozitoa. Naamini kabisa kwamba dawa hizi hazishindwi na ugonjwa mara nyingi kama zinavyoshindwa na ukimya wetu. Mgonjwa anapewa kidonge, haambiwi ni cha nini, anakimeza mwezi mmoja, hasikii badiliko lolote, anaacha. Na hapa kwetu mtu wa kumwambia si mtaalamu wa moyo aliyeko Lubumbashi, kilomita mia mbili hivi kutoka kwenye mto wetu, Luapula. Ni wewe, muuguzi wa ngazi ya A2 au ya A1, kwenye kituo chenye meza moja na mashine moja ya shinikizo.

Tuanze na chakula, maana swali la kwanza la mgonjwa ni hilo: nisile nini? Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa Lugalawa, kusini mwa Tanzania. Watafiti waliwalinganisha wanakijiji wa kando ya Ziwa Nyasa, waliokula samaki kati ya gramu 300 na 600 kwa siku, na wanakijiji wa milimani walioishi kwa vyakula vya shamba. Walaji samaki walikuwa na kolesteroli ya chini zaidi, na shinikizo lao la damu pia lilikuwa chini zaidi. Samaki wenyewe hawakutoka baharini, walikuwa wa maji baridi kama hawa wa Luapula na wa Ziwa Mweru. Mtu wa Kasenga anapokaa mbele ya bukari na samaki mbichi aliyechemshwa na nyanya, ana chakula ambacho madaktari wa miji mikubwa wanawasihi wagonjwa wao wakitafute. Mwambieni hivyo, tena kwa fahari. Nawaomba msifungue mazungumzo kwa makatazo.

Tunakoharibu ni kwingine. Tangu siku za kampuni ya migodi ya Union Minière na wafanyabiashara wa Kigiriki, samaki wetu wamekuwa wakipakiwa kwenda kuwalisha watu wa migodini, na ili wafike salama hukaushwa kwa moshi au kwa chumvi. Samaki wa chumvi hapandishi kolesteroli, ila hupandisha shinikizo, na mgonjwa mwenye yote mawili lazima ajue kumloweka usiku kucha na kuyamwaga yale maji. Kisha kuna mafuta. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale mazito, yanayolifanya ini liache kolesteroli nyingi zaidi kwenye damu. Chupa ya dukani iliyoandikwa kwamba haina kolesteroli inasema kweli isiyosaidia kitu, kwa maana hakuna mmea wenye kolesteroli ya kuhesabika. Kolesteroli tunaitengeneza wenyewe, ndani ya ini. Sombe iliyopikwa kwa karanga na mafuta kidogo haina neno. Sombe inayoelea ndani ya mawese, kila siku, ina neno. Na mafuta yaliyokaangia mikate na samaki asubuhi, mchana na jioni hadi yakawa meusi, yamwagwe, hata kama yanauma mfukoni.

Limao nalo lina wafuasi wengi. Utasikia kwamba maji ya moto na limao asubuhi hukata mafuta katika damu. Hayadhuru, lakini hayakati. Usimcheke mama anayekunywa. Mwambie aendelee kunywa kama anapenda, na jioni ameze kidonge chake. Hata chakula kizuri kabisa, kwa watu wengi, hushusha kolesteroli mbaya, iitwayo LDL, kwa sehemu ndogo tu, kama moja ya kumi hivi. Kwa mtu ambaye amekwisha kupata kiharusi hiyo haitoshi.

Sasa dawa yenyewe. Mjapani mmoja, Akira Endo, mtoto wa wakulima wa Akita, alijiuliza kama kuna kuvu wanaotengeneza kitu cha kuzuia viumbe wengine wasijitengenezee kolesteroli. Kuanzia 1971, katika kampuni ya Sankyo, yeye na wenzake walipima zaidi ya aina 6,000 za vijidudu. Mwaka 1973 walikipata walichotafuta katika ukungu wa kibuluu uliokuwa kwenye mchele, jamaa wa ule uliotupa penisilini. Statini ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa ilikuwa lovastatini, nchini Marekani, mwaka 1987. Endo alifariki mwaka 2024. Namtaja kwa sababu ya wagonjwa wasioamini dawa za kiwandani na kuamini zile zilizotoka porini: waambieni hii nayo ilitoka kwenye ukungu wa nafaka.

Statini hufanya kazi ndani ya ini. Huzuia kimeng'enya kinachotengeneza kolesteroli, na ini likiona limepungukiwa linaongeza vipokezi vya kuichota kolesteroli kutoka kwenye damu. Vipokezi hivyo ndivyo vilivyowapa Michael Brown na Joseph Goldstein tuzo ya Nobel mwaka 1985. Simvastatini ya miligramu 20 au 40 hushusha kolesteroli mbaya kwa theluthi moja hivi. Atorvastatini ya dozi kubwa hufika nusu. Mwaka 1994 nchi za Skandinavia zilitangaza uchunguzi wa wagonjwa wa moyo 4,444. Nusu walipewa simvastatini, nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka zaidi ya 5, waliokufa katika kundi la pili walikuwa 256, na katika kundi la simvastatini 182. Tofauti ni watu 74, baba na mama za watu, ambao hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba ni yeye aliyeokolewa. Ugumu wote wa kuifundisha dawa hii umo humo. Dawa ya malaria mtu anaiona kazi yake siku ya tatu, homa imeshuka, anaomba chakula. Statini hamwonyeshi mtu kitu. Faida yake ni kiharusi ambacho hakikutokea.

Basi tumweleze nini mgonjwa? Wengi wetu tulifundishwa kusema kwamba mishipa ni mabomba na mafuta yameyaziba. Nashauri tuuache mfano huo. Mgonjwa akiusikia anangoja bomba lizibuliwe, na likishazibuliwa haoni sababu ya kuendelea na dawa. Tena si kweli: mafuta hayashiki juu juu, yanaingia ndani ya ukuta wa mshipa na kukaa humo yakiwa yamevimba, kama jipu chini ya ngozi. Siku jipu hilo linapopasuka, damu inaganda juu yake, na hapo ndipo mkono unapolegea au kifua kinapobana. Statini hulituliza jipu na kuifanya ngozi yake iwe ngumu isipasuke. Ukiacha dawa, linarudi kuwa laini. Mtu yeyote wa Kasenga ameliona jipu, na anaelewa mara moja kwa nini hii ni dawa ya kila siku, na kwa nini hasikii kitu.

Kwa Kiswahili chetu cha hapa, muuguzi anaweza kusema hivi tu: «Mama, hii kinini hautaisikia mu mwili. Iko inatumika hata kama hauisikie.» Kisha amngoje mama amjibu. Asimuulize «umeelewa?», kwa sababu kila mgonjwa mwenye adabu atajibu ndiyo. Amuulize: «Mama, ukifika nyumbani, binti yako akikuuliza hii dawa ni ya nini na unaimeza saa ngapi, utamwambia nini?» Jibu likipotoka, kosa si la mama. Muuguzi aeleze upya kwa njia nyingine. Hii inachukua dakika tatu. Najua foleni iliyoko nje, najua mtoto mwenye degedege hangoji. Lakini dakika tatu za siku ya kwanza zinaokoa miezi ya dawa iliyonunuliwa na kuachwa kwenye dirisha.

Saa ya kumeza ina maana kwa simvastatini, kwa sababu ini hutengeneza kolesteroli nyingi zaidi usiku, na dawa hiyo haikai mwilini muda mrefu. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa aimeze jioni. Lakini jioni ya nani? Mvuvi wa samaki wadogo wa chisense anayetoka na taa usiku hana jioni ya kukaa nyumbani. Yeye aambiwe ameze kabla ya kushuka majini, pamoja na chakula chake cha mwisho. Atorvastatini haijali saa. Akisahau siku moja, siku ya pili ameze kidonge kimoja kama kawaida, asimeze viwili.

Wapewe akina nani? Si kila mtu, na nawaomba mlishike hili, kwa sababu dawa inayotolewa kwa asiyeihitaji inamnyang'anya pesa aliye nayo kidogo. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo, au kiharusi cha mshipa kuziba, anaihitaji. Kama kiharusi kilikuwa cha kuvuja damu ubongoni, daktari ndiye wa kuamua. Mwenye kisukari aliyevuka miaka 40, Shirika la Afya Duniani linasema apewe. Wengine hutazamwa kwa jedwali la hatari ambalo shirika hilo lilitoa mwaka 2019, lenye ukurasa wa eneo letu la Afrika ya Kati. Jedwali hilo lina sura mbili, na moja haihitaji maabara hata kidogo: unatazama mwanaume au mwanamke, umri kuanzia miaka 40 hadi 74, anavuta sigara au havuti, shinikizo lake la juu, na uzito wake ukilinganishwa na urefu. Rangi nyekundu, yaani hatari ya asilimia 20 au zaidi katika miaka 10, inamaanisha apelekwe kwa daktari na azungumziwe statini. Mashine ya shinikizo, mizani, na futi ya fundi wa nguo vinatosha kuanza.

Na kama vipimo vya damu vinapatikana, mgonjwa asisafirishwe akiwa na njaa. Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya walikubaliana kwamba kipimo cha kawaida cha kolesteroli hakihitaji kufunga kula. Mzee mwenye kisukari kupanda lori alfajiri bila kula, kwenye barabara ya Lubumbashi wakati wa mvua, kwa ajili ya kipimo kisichodai njaa, ni hatari tunayomtia bure.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo muuguzi wa kituo anapoweza kudhuru asipojua. Simvastatini haipatani na dawa kadhaa zilizomo kwenye kabati lenu. Eritromisini na klaritromisini huizuia isivunjwe, inajazana mwilini na kuvunja misuli. Mgonjwa wa simvastatini akija na kikohozi, kama amoksisilini inafaa, mpe hiyo. Kama hakuna ila eritromisini, asimamishe simvastatini siku zote za antibiotiki, na umwandikie kwenye fishi yake tarehe ya kurudia, la sivyo hatarudia kamwe. Ketokonazoli na itrakonazoli ni hivyohivyo. Amlodipini, ambayo wagonjwa wengi wa shinikizo wanaimeza, inaruhusiwa, lakini hapo simvastatini isipite miligramu 20. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume: inaimaliza statini kabla haijafanya kazi, na katika nchi ya migodi kama yetu wagonjwa wa kifua kikuu si wachache. Na anayetumia dawa za ukimwi zenye ritonaviri, lopinaviri au atazanaviri, asipewe simvastatini hata siku moja. Walio kwenye dolutegraviri hawana tatizo hilo. Watu wenye virusi vya ukimwi, kwa kweli, wana sababu zaidi ya kulindwa: uchunguzi wa REPRIEVE wa mwaka 2023, uliokuwa na watu 7,769 wakiwemo wa Uganda, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba statini iitwayo pitavastatini ilipunguza maradhi makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35 hivi.

Mama aliye katika umri wa kuzaa aulizwe kwa faragha kama ana mimba au anaitafuta, kwa sababu kwa kawaida dawa husimamishwa wakati wa mimba na kunyonyesha. Mnywaji wa pombe kali ya lutuku, mwenye macho ya manjano, aende kwanza kuonwa na daktari.

Maumivu ya misuli ndiyo yanayowafanya wengi waache. Mgonjwa husoma au huambiwa na jirani kwamba dawa inaumiza, na kweli anaumwa. Waingereza walilipima jambo hili kwa njia ya werevu. Katika uchunguzi wa SAMSON wa 2020 waliwachukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara waliyoyasikia, wakawapa kwa zamu mwezi wa statini, mwezi wa kidonge kitupu, na mwezi bila kidonge, bila wao kujua kipi ni kipi kati ya vile viwili. Asilimia 90 ya yale mateso yalikuwepo hata kwa kidonge kitupu. Maumivu hayakuwa ya uongo. Chanzo chake ndicho hakikuwa dawa. Hapa Kasenga mtu anapiga kasia, anabeba magunia ya samaki, analima mihogo, anaugua malaria. Ana sababu nyingi za kuumwa mapaja. Msikilizeni kwanza, mpimeni malaria, muulizeni amemeza dawa gani nyingine wiki hiyo, ndipo mjadili kama dozi ipunguzwe au ibadilishwe. Alama moja haina mjadala: udhaifu mkubwa wa misuli pamoja na mkojo wa rangi ya chai nzito. Hapo simamisheni statini siku hiyohiyo, pimeni malaria kwa sababu nayo ikizidi huleta mkojo mweusi, na mpelekeni mgonjwa hospitali kuu. Ni tukio la nadra sana, lakini figo hazingoji.

Wengine huogopa kwamba kolesteroli ikishuka sana mtu atakauka na kufa. Mwaka 2007 watafiti walieleza juu ya mwanamke kijana wa Zimbabwe, aliyepatikana kwenye kliniki ya akina mama, ambaye kolesteroli yake mbaya ilikuwa kama miligramu 15 kwa desilita, wakati wengi wetu tunapita 100. Alizaliwa hivyo, alikuwa mzima, na alikuwa amejifungua mtoto. Damu za watu weusi kama yeye, wa Dallas na wa kusini mwa Afrika, zilisaidia kuonyesha njia ya sindano mpya za kolesteroli zinazouzwa leo kwa bei ambayo hapa hatuiwezi.

Kuna pia familia zinazosema kiharusi kimetupwa na adui, na wachungaji wanaomwambia mgonjwa kwamba aliyepona kwa imani hamezi dawa. Sioni faida ya muuguzi kubishana nao. Mwombeeni mgonjwa kama mnaomba, mwacheni aende kwenye maombi, na mwelezeni mchungaji mwenyewe, ana kwa ana, kazi ya kidonge hiki. Mchungaji aliyeelezwa vizuri atawakumbusha wagonjwa dawa zao kila Jumapili, bila mshahara.

Ombi langu ni dogo. Kesho asubuhi fungueni madaftari yenu, tafuteni watu wa eneo lenu la afya waliopata kiharusi na bado wako hai. Watumieni habari kupitia wahamasishaji wa vijiji, waje na vidonge vyao vyote ndani ya mfuko. Tazameni kama statini imo. Kama haimo, mwandikieni daktari wa hospitali kuu barua ya rufaa mkieleza mlichokiona. Kama imo, muulizeni mgonjwa inafanya kazi gani, na msimwache aondoke kabla hajawajibu kwa maneno yake mwenyewe.